WABA, BAHARI NA VISIMA VYETU



Ugonjwa tunaouita leo kipindupindu, wazee wetu wa mwambao waliuita waba. Walilitaja jina hilo kwa kupunguza sauti, maana ni ugonjwa uingiao mtaani asubuhi, na kabla ya magharibi watu wamekwisha kwenda makaburini zaidi ya mara moja. Mtu huamka mzima, akaharisha maji meupe mfano wa maji yaliyooshewa mchele, akatapika, macho yakadidimia, ngozi ya viganja ikakunjana kama ya mtu aliyeshinda akifua nguo, na asipopata matibabu aweza kufa katika muda wa saa chache. Ni magonjwa machache yaendayo mbio namna hiyo.

Katika makala haya tumekusudia kueleza historia ya ugonjwa huu: njia ulizopita kufika kwetu, jinsi wataalamu walivyouchunguza kwa muda wa miaka 170, na mambo waliyoyagundua katika miaka hii ya karibu juu ya uhusiano wake na joto la bahari na wingi wa mvua. Twaanza na historia kwa sababu mtu asiyejua mwizi alipita mlango gani jana, hajui leo afunge mlango upi.

JINSI WABA ULIVYOFIKA PWANI

Asili ya waba ni nchi ya Bengal, penye milango ya mto Ganges, ambako maji ya mto huchanganyika na maji ya bahari. Ulikaa huko zama nyingi. Mwaka 1817 ulitoka kwa nguvu, ukafuata njia za majeshi na njia za biashara, na mwaka 1821 ukafika Maskat. Kutoka Maskat mpaka kwetu, wewe mwenyewe msomaji wajua, ni safari ya kaskazi moja. Pepo zile zile zilizotuletea tende na wageni na vitabu, zilituletea na waba. Mwaka huo huo wa 1821 ukafika pwani ya Afrika Mashariki. Ukarudi katika mwaka 1836 na 1837, ukarudi tena 1858 na 1859, na mara ya nne ukaja 1869 na 1870.

Habari za miaka hiyo tumezipata zaidi kwa daktari mmoja wa Kiskochi, James Christie, aliyekuwa akitibu watu Unguja katika zama za Sayyid Majid bin Said na ndugu yake Sayyid Barghash. Christie alitunga kitabu juu ya waba katika Afrika Mashariki, kikapigwa chapa London mwaka 1876. La kusifiwa kwa mtu huyu ni kwamba hakuandika kwa kukaa chumbani na kukisia. Aliwauliza wafanya biashara wa Kiarabu, wa Kihindi na wa Kiswahili, na watu waliokwenda na misafara ya bara: ni mji gani ulioupata ugonjwa kwanza, mwezi gani, na msafara uliouleta ulitoka wapi. Akayakusanya maneno yao, akalipima hili kwa lile, mpaka njia ya ugonjwa ikamdhihirikia. Basi elimu hiyo, ambayo leo imo katika maktaba za Ulaya, sehemu yake kubwa ilitoka katika vinywa vya wazee wetu. Yafaa watoto wetu walijue hilo, wasidhani ya kuwa elimu ni kitu kinachokuja kwetu tu wala hakitoki kwetu.

HIJA YA MWAKA 1281

Katika kuifuata nyuma njia ya waba wa 1869, Christie alifika mpaka Makka. Katika Hija ya mwaka 1281 wa Hijra, nao ni mwaka 1865 wa Miladi, waba uliwaingia mahujaji. Inakadiriwa ya kuwa waliokufa ni kiasi cha watu 15,000. Waliosalia walirudi makwao, wengi wao kwa meli za moshi ambazo siku hizo zilikuwa jambo jipya, na ugonjwa ukarudi pamoja nao. Ulifika Misri, ukavuka mpaka bandari za Ulaya. Serikali zikaingiwa na hofu, na mwaka 1866 wajumbe wao wakakutana Istanbul kushauriana juu ya karantini na usalama wa safari za Hija.

Kwa upande wetu ugonjwa ulipita Bahari ya Shamu, ukaingia Uhabeshi, ukashuka katika nchi za wafugaji mpaka Umasaini. Huko ukakutana na misafara ya pembe, nayo ikateremka nao mpaka Pangani. Mwishoni mwa 1869 ukavuka maji ukaingia mjini Unguja, na maelfu ya watu wakafa. Zamani ulitujia kwa tanga kutoka kaskazini. Mara hii ulituzunguka, ukatujia kwa miguu kutoka bara.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Kila ugonjwa wa namna hii unapozuka, watu hutafuta wa kumlaumu. Watu wa Ulaya waliwalaumu mahujaji. Mwenye nyumba ya mawe humlaumu mwenye kibanda, na wa mjini humlaumu wa shamba. Lakini lawama haikuokoa mtu hata mmoja. Kilichookoa watu ni swali alilouliza daktari mwingine, katika mji mwingine, miaka 15 kabla ya maafa yale ya Unguja.

KISIMA CHA LONDON

Mwezi wa Agosti mwaka 1854 waba ulizuka katika mtaa wa Soho, mjini London. Madaktari wakubwa wa zama zile waliamini ya kuwa waba huletwa na hewa iliyooza, yaani harufu mbaya ya taka na mitaro. Daktari mmoja, John Snow, hakuridhika. Alijiuliza: ikiwa ni hewa, mbona nyumba hii imepata na ile inayoielekea haikupata, na hali wote wanavuta hewa moja? Akaenda mlango kwa mlango akiuliza watu wanakunywa maji ya wapi. Akaona ya kuwa wengi wa waliokufa walikuwa wakichota katika kisima kimoja chenye bomba la mkono, katika barabara iitwayo Broad Street. Akawaendea wakubwa wa mtaa akawashauri, na tarehe 8 Septemba mpini wa bomba ukaondolewa ili watu wasiweze kuteka. Waliokufa katika mtaa ule kwa muda wa majuma machache walikuwa zaidi ya 600.

Kisha kasisi mmoja wa mtaa huo, Henry Whitehead, ambaye mwanzo hakukubali maneno ya Snow, alichunguza naye mpaka akapata chanzo. Karibu na kisima palikuwa na nyumba yenye mtoto mchanga aliyeshikwa na kuhara. Mama yake alizifua nguo za mtoto na maji yake akayamwaga katika karo la nyumba. Karo lile lilikuwa karibu mno na kisima, na matofali yake yamekwisha haribika, hata uchafu ukipenya na kuingia katika maji ya watu wote.

Tuyapime hayo, ndugu msomaji. Mama yule hakukusudia shari. Alifanya afanyalo kila mama katika kila nyumba. Lakini karo bovu la nyumba moja lilizika mtaa mzima. Ndipo ujue ya kwamba usafi wa maji si jambo la mtu na nyumba yake. Ni haki ya jirani juu ya jirani.

Mwaka huo huo wa 1854 mtaalamu wa Kitaliana, Filippo Pacini, aliviona vijidudu vya waba kwa darubini, na watu wachache tu wakamsikiliza. Snow alikufa mwaka 1858 kabla ya ulimwengu kukubali maneno yake. Ilikuwa mpaka 1883 na 1884, Mjerumani Robert Koch alipovichunguza vijidudu hivyo, kwanza Misri na kisha Calcutta, ndipo ubishi ukaanza kwisha. Miaka 30 ilipita baina ya kujua na kukubali, na katika miaka hiyo ndimo walimokufa watu wa Makka na watu wa Unguja.

Kwetu sisi, Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, aliyavuta kwa mabomba maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu mpaka mjini Unguja, watu wakapata maji yasiyotoka katika visima vya mji vilivyozungukwa na vyoo. Mtawala huyo ana mengi ya kutajwa, lakini sisi twaona hilo ni katika makubwa yake.

WABA WARUDI KWA JINA JIPYA

Mwaka 1905, katika karantini ya mahujaji ya Tur, huko Sinai, wataalamu walipata kwa maiti za mahujaji waliokuwa wakirudi kijidudu cha waba kilichohitilafiana kidogo na kile cha Koch. Wakakiita kwa jina la mahali hapo, El Tor. Wengi wakadhani si cha kuogopwa sana. Lakini mwaka 1961 kijidudu hicho kilizuka katika kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, kikaanza kuzunguka dunia. Ubaya wake ni kwamba wengi wanaokibeba hawaugui, au huharisha kidogo tu, basi husafiri nacho bila ya kujua.

Kilifika Afrika mwaka 1970, Kenya mwaka 1971, na Tanzania Bara mwaka 1974. Zanzibar kilizuka mwaka 1978 katika kijiji cha wavuvi. Wagonjwa walikuwa 411 na waliokufa 51. Yaani katika kila wagonjwa wanane alikufa mmoja. Tangu hapo ugonjwa umekuwa ukienda na kurudi katika mwambao wetu. Na kwenda na kurudi huko ndiko kulikowafanya wataalamu waulize swali jipya: unapoondoka, huenda wapi? Na kwa nini hupenda kurudi katika nyakati za joto na mvua?

MAKAZI YAKE BAHARINI

Jibu lilianza kupatikana mahali pasipotazamiwa. Katika miaka ya 1970 bibi mmoja mtaalamu wa Marekani, Rita Colwell, pamoja na wenziwe, walipata vijidudu vya jamii ya kipindupindu katika ghuba ya Chesapeake, nchini mwao, mahali ambapo hapakuwa na mgonjwa. Watu wakastaajabu. Ilikuwa ikidhaniwa ya kuwa kijidudu hiki makazi yake ni tumbo la mwanadamu tu, na nje ya tumbo hakiishi siku nyingi. Kumbe kina makazi mengine katika maji ya mito inapoingia baharini, yale maji yenye chumvi nusu ambayo kwetu ndiyo ya mikokoni.

Maelezo yake ni haya. Katika bahari mna mimea midogo mno inayoelea, isiyoonekana kwa jicho, na mna vinyama vidogo jamaa za kamba vinavyokula mimea hiyo. Kijidudu cha kipindupindu hushikamana na vinyama hivyo, na kinyama kimoja chaweza kubeba maelfu yake. Maji yakipata joto, na mvua ikisukuma rutuba ya nchi kavu mpaka baharini, mimea ile hustawi, vinyama vikala vikazaana, na kijidudu nacho kikaongezeka. Maji yakipoa au chakula kikipungua, kijidudu hulala. Hakifi, wala hakionekani kwa njia za kawaida za maabara, lakini kipo. Hali ikiwa nzuri huamka. Mwaka 2000 wataalamu walionyesha kwa picha za setilaiti ya kuwa kupanda kwa joto la bahari ya Bengal kulikwenda sambamba na wingi wa wagonjwa wa Bangladesh.

Na kwa kuwa kijidudu kimepanda mgongoni mwa kinyama kinachoweza kuchujwa, Colwell na wenziwe walijaribu dawa ya kimaskini kabisa. Waliwafundisha wanawake wa vijiji 65 vya Bangladesh kuyachuja maji ya kunywa kwa kitambaa cha sari kikuukuu kilichokunjwa mara kadha. Matokeo yalitolewa mwaka 2003: wagonjwa walipungua kwa karibu nusu. Hatusemi hayo ili mtu aache kuchemsha maji akategemea leso. Kuchemsha ni bora zaidi. Twayasema ili ijulikane ya kuwa elimu kubwa ya bahari yaweza kuishia katika mkono wa mama aliye jikoni.

HESABU YA UNGUJA NA PEMBA

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 2011 ilitangazwa kazi ya wataalamu waliochukua hesabu za wagonjwa wa kipindupindu wa Zanzibar tangu 2002 mpaka 2006, wakaziweka pamoja na hesabu za joto na mvua za miaka hiyo. Waliona ya kuwa joto likizidi kwa digrii moja ya Sentigredi, baada ya miezi minne wagonjwa huwa mara mbili. Na mvua ikizidi kwa milimita 200, baada ya miezi miwili wagonjwa huongezeka kwa kiasi cha mara moja na zaidi ya nusu.

Zingatia maneno haya, miezi minne na miezi miwili. Maana yake ni kwamba ugonjwa hutuma barua kabla ya kuja. Mwenye kuitazama bahari na mawingu kwa elimu aweza kupewa muda wa kusafisha visima, kuweka dawa ya maji na kuandaa hospitali, kabla ya mgonjwa wa kwanza kuanguka. Manahodha wetu walikuwa wakizisoma nyota na pepo wasije wakavunja chombo. Na huku ni kusoma kwa namna ile ile.

Na hatari yenyewe si ya kufikiriwa tu. Mwishoni mwa 1997 ilikuja ile mvua ya El Nino ambayo watu wazima wote wanaikumbuka. Mito ilifurika, mashimo ya vyoo yakajaa yakamwagika, visima vikafunikwa na maji ya mafuriko. Katika mwaka 1997 Tanzania peke yake ilihesabu wagonjwa wa kipindupindu zaidi ya 40,000, na waliokufa zaidi ya 2,000. Uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 2017, uliopima miaka 2000 mpaka 2014, ulionyesha ya kuwa katika miaka ya El Nino Afrika ya Mashariki hupata wagonjwa kiasi cha 50,000 zaidi ya miaka mingine.

Juu ya hayo, bahari yenyewe inapata joto. Wataalamu wamepima ya kuwa upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, ndio upande wetu, ulizidi joto kwa kiasi cha digrii 1.2 katika majira ya joto ya nchi za kaskazini, baina ya 1901 na 2012. Sababu kubwa ya kupata joto kwa dunia ni moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi. Mtaalamu wa Kiswidi, Svante Arrhenius, alikwisha kupiga hesabu mwaka 1896 ya kuwa hewa ya ukaa ikizidi angani, dunia itapata joto. Mwaka 1958 Charles Keeling alianza kuipima hewa hiyo juu ya mlima wa Mauna Loa, Hawaii, akaikuta ni sehemu 315 hivi katika kila sehemu milioni za hewa. Leo imepita 420. Waliochoma zaidi ni nchi tajiri zenye viwanda, na wanaofikwa na mafuriko ni mvuvi wa Pemba na mama wa Tudor. Hii ni dhulma, na kila mwenye kusimama katika mabaraza ya dunia kuisema ana haki. Lakini haki hiyo haitatuchemshia maji usiku wa leo.

NI BAHARI AU NI WATU?

Huenda msomaji akasema: basi ikiwa ni joto na bahari, sisi tuna hatia gani, nasi hatuwezi kuipoza bahari? Swali hili ni la haki, na wataalamu wenyewe wamelijadili.

Mwaka 2017 kundi la wataalamu lilitoa matokeo ya uchunguzi wa nasaba ya vijidudu zaidi ya 1,000 vilivyokusanywa katika nchi za Afrika kwa miaka mingi. Waliona ya kuwa vijidudu vilivyoleta maafa Afrika tangu 1970 vimeingia kutoka nje si chini ya mara 11, navyo asili yao ni Asia, vikasambazwa na wanadamu katika safari zao. Kwa hiyo, wakasema, mwanadamu ndiye mchukuzi mkubwa, si bahari. Christie naye alisema karibu na hayo miaka 140 kabla yao. Kwa upande wa pili, hesabu za joto na mvua tulizozitaja haziwezi kutupwa.

Wako watu wakiwaona wataalamu wanahitilafiana husema, basi elimu yao haina maana. La, sivyo. Maulamaa nao huhitilafiana, na wala hatusemi fikihi haina maana. Ukitazama vizuri utaona ya kuwa makundi haya mawili yanakutana mahali pamoja. Awe aliyekileta kijidudu ni msafiri, au ni maji ya bahari yaliyopata joto, hakiwezi kuingia tumboni ila kwa mlango mmoja: maji au chakula kilichochanganyika na uchafu. Joto huupanua mlango huo, na mvua huusukuma. Lakini mlango ni wetu, na komeo liko mikononi mwetu. London na Bengal zote zilikuwa makao ya waba. London ilijenga mitaro ya chini kwa chini na kusafisha maji, na baada ya 1866 haikupata tena maafa ya waba. Bahari zake nazo zimepata joto, lakini mlango umefungwa.

YALIYO JUU YETU

Katika sheria yetu jambo hili lina asili ya zamani. Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza mtu kujisaidia katika maji yaliyotuama na mahali watu wanapochota maji. Na Sayyidna Umar, ulipotokea ugonjwa wa tauni Sham mwaka 18 wa Hijra, aligeuka njiani asiingie, wala hakuona ya kuwa kujikinga ni kuikimbia kadari. Basi asituambie mtu ya kuwa ugonjwa umeandikwa, na hali choo chake kinavuja kuelekea kisima cha jirani.

Kwanza, maji ya kunywa yachemshwe yatokote, au yatiwe dawa ya maji kwa kipimo kilichoelezwa. Yawekwe katika chombo chenye kifuniko, yachotwe kwa kata yenye mpini, wala mikono isitumbukizwe. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kupika, kula na kumlisha mtoto.

Pili, choo na kisima visikae jirani. Wataalamu wanapendelea visipungue mita 30 baina yao, na kisima kiwe upande wa juu wa mteremko. Mwenye kuchimba choo asitazame ukuta wake tu. Atazame na kisima cha mwenziwe. Na kabla ya masika na vuli, mashimo yakaguliwe.

Tatu, mgonjwa asifichwe. Watu wengi wamekufa kwa kuona haya. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon, maji ya sindano yamemwishia na watu wanakufa. Akaamua kuwapa wagonjwa maji ya kunywa yenye sukari na chumvi, njia iliyokwisha jaribiwa Dhaka mwaka 1968. Vifo vilivyokuwa kiasi cha watu 30 katika kila 100 vikashuka chini ya wanne. Dawa hiyo leo iko katika pakiti za bei ndogo. Na pakiti isipopatikana, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko cha chai cha chumvi, ukoroge mpaka viyeyuke. Mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo, huku akipelekwa hospitali bila ya kukawia. Usizidishe chumvi, maana ikizidi hudhuru, na hasa watoto.

Nne, maiti. Aliyekufa kwa kipindupindu ana haki zake zote za kuoshwa, kukafiniwa na kusaliwa. Lakini waoshaji wafuate maelekezo ya watu wa afya, na aliyeosha asiingie jikoni kupika chakula cha matanga. Mara nyingi msiba mmoja umezaa misiba kumi kwa sahani ya wali.

Tano, chanjo isikataliwe. Mwaka 2009 Unguja na Pemba ilitolewa chanjo ya kunywa, na watu karibu 24,000 wakamaliza dozi zake mbili. Uchunguzi uliofuata ulionyesha ya kuwa iliwakinga kwa kiasi cha asilimia 79, na hata jirani ambaye hakuchanja alipata fungu lake la kinga. Lakini chanjo ni ya muda; mji wenye maji machafu utaihitaji tena na tena. Ndiyo maana mpango wa Zanzibar wa kuutokomeza ugonjwa huu, uliowekewa miaka ya 2018 mpaka 2027, haukusimama juu ya chanjo peke yake, bali juu ya maji na vyoo pia.

Na la mwisho ni la jamaa. Tunachanga kwa harusi, tunachanga kwa maulidi, tunachanga kwa kupaka rangi msikiti. Kuchimba kisima salama, kujengea karo la mjane aliyeshindwa, na kutengeneza vyoo vya chuo wanachosomea watoto wetu, hizo nazo ni sadaka zenye kuendelea, na malipo yake humfuata mtu kaburini. Lau kila mtaa ungelifanya hivyo, joto la bahari lingekuja na lisikute mlango wa kuingilia.

Watu wa 1869 wana udhuru wao. Elimu hii haikuwafikia. Sisi imetufikia, tena kwa dawa ya sukari na chumvi na kuni za kuchemshia birika. Hatuna tutakachojibu tukiulizwa juu ya mtoto aliyekufa kwa maji ya kisima chetu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.